Moto Haufiki Kiti cha Nyuma

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti. Gerejini, dukani, kwa majirani, hata kwa mke wake siku akiwa na furaha, anaitwa Moto Upo.

Jina hilo lilimnasa akiwa bado anajifunza kazi, kwenye maegesho ya malori karibu na mpaka. Alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya lori la mafuta, miguu ikining'inia nje ya mlango, taa ya kupimia mkononi. Mwalimu wake alikuwa upande wa betri, anataka kujua kama umeme unafika. Sasa mafundi umeme wa magari hawasemi umeme unafika. Husema moto upo. Basi ile taa ilipowaka, kijana kwa furaha ya kupatia akapaza sauti: "Moto upo! Moto upo!" Madereva waliokuwa wamelala uvunguni mwa malori walitoka mbio kama panya ghala likiungua. Mama wa chai akaliacha birika lake jikoni. Mtu mmoja mwenye moyo wa kishujaa, badala ya kukimbia, alinyakua ndoo ya maji ya kufulia akammwagia yule kijana miguu yote miwili. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi ikamtembeza. Alifunga nyaya pande zote za mipaka, akasikia umeme ukiitwa kwa lugha nyingi. Dereva mmoja aliuita nguvu. Mwingine aliuita maji, akawa anasema, "Fundi, maji yanakatikia hapa katikati." Mwingine, mcha Mungu sana, aliuita roho. Alichojifunza huko ni kutoliamini neno mpaka ajue msemaji ametia nini ndani yake. Mteja akimwambia, "Gari langu halina moto," yeye huuliza kwanza, "Moto wa waya au moto wa kupasha miguu?" Maana amewaona waliobadilishiwa betri nzima, kumbe walikuwa wanasikia baridi tu.

Hiyo ndiyo tabia yake ya kazi mpaka leo. Hafungui hata skrubu kabla hajamhoji mtu. Lilianza lini? Mvua ilikuwa imenyesha? Mlikuwa mnapanda au mnashuka? Nani alikaa wapi? Wapo wanaokasirika. "Ah, fundi, hata polisi hawakunihoji hivi," alilalamika mteja mmoja, na Moto Upo, aliyekuwa amekalia tairi bovu ambalo ndilo kiti chake cha ofisi, akamjibu, "Gari ni mtoto mchanga, bwana. Linajua kulia tu. Anayejua kilio kilianzaje ni mama yake."

Fundi huyo huyo ndiye aliyeshindwa kupasha joto kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe.

Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya kifua kumwangusha. Kwa muda mrefu alikuwa akilala ameketi, mito mgongoni, akihesabu pumzi kama mtu anayepanda ngazi zisizoisha. Dawa zikamrudisha taratibu, akaanza kulala kama watu, akaanza hata kugombana na binti yake, mke wa Moto Upo, juu ya chumvi. Lakini dawa zenyewe hazikuwa za kumeza nyumbani. Ilibidi kila baada ya wiki mbili aende hospitali kubwa ng'ambo ya mlima, wamsafishe kifua, wampe dozi yake. Daktari hakuzungusha maneno. Mama asikose hata safari moja, alisema, na njiani baridi isimpate. "Kikirudi tena kile kifua," alimwambia mkewe Moto Upo pale mlangoni, "sina hakika mwili utakubali mara ya pili."

Na barabara ya hospitali hupanda mpaka mahali ambapo asubuhi nyasi za kando huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Gari la Moto Upo ni kuukuu lakini refu, lenye heta mbili za kupasha joto: moja ya mbele, nyingine ndogo iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma, na feni yake, na swichi yake peke yake. Mama hukaa nyuma. Kukaa mbele, bega kwa bega na mkwe, magoti yakigusana na gia, ni jambo ambalo yeye hakulisema na mkwe hakuliuliza. Lilijulikana tu. Hukaa nyuma, pembeni, ameegemea dirisha, na mwanawe hukaa mbele.

Kwa kumheshimu, kabla ya msimu wa baridi kuanza, Moto Upo alikifungua kile kiti akakipeleka kwa fundi viti. Kikarudi na sponji mpya, kitambaa cha rangi ya zabibu, na miguu yake ya chuma imepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Akakifunga kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia ila mama. Watoto walikatazwa. Yeye mwenyewe akitafuta kitu huko nyuma hupiga goti sakafuni na kunyoosha mkono, kama anayetafuta kiatu uvunguni mwa kitanda cha wakwe.

Na kila safari, wakifika kwenye zile kona za juu, humtazama kidogo kwenye kioo na kuuliza, "Mama, joto linafika huko?"

"Linafika, baba," mama hujibu. "Linafika vizuri."

Jioni moja alikuwa anapekua droo ya nguo. Soksi zake za sufu, zile nene, zilikuwa zinapungua wiki hata wiki.

"Mke wangu, hivi soksi zangu zinaliwa na nani?"

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Hakuinua uso. "Ziko kwa mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu. Anazivaa akienda hospitali. Juu ya zake."

Moto Upo alikaa kitandani. Picha ya mama mkwe ndani ya soksi zake, moja ikiwa na tundu la kidole gumba, ilimfanya apate joto la uso ambalo heta yoyote ingelionea wivu.

"Na nikwambie lingine," mkewe akaendelea, akaisimamisha pasi. "Alhamisi haendi. Anasema amepona. Eti kifua chepesi kama unyoya. Nami nimemsikia anavyokohoa. Labda unyoya wa mbuni."

"Lakini kila nikimuuliza anasema joto linafika!"

"Ulitaka akuambie nini? 'Mkwe wangu, gari lako barafu'? Umemtengenezea kiti, ukakipaka na rangi. Yule bora afe na heshima zake."

Neno lile la kufa lilitoka haraka kuliko alivyokusudia. Wote wawili wakalisikia. Mkewe akaichukua tena pasi akalirudia shati ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

Asubuhi yake Moto Upo hakupokea gari la mtu. Aliliingiza lake mwenyewe gerejini, akawasha injini ikapata moto, akawasha heta ya nyuma, akapiga goti mlangoni na kutanguliza kiganja. Upepo wa moto, safi kabisa. Akaangalia fyuzi: nzima. Rilei, ile swichi ndogo inayoupitisha umeme, aliisikia ikigonga, tik, kila alipobonyeza swichi. Akachomoa plagi ya feni, akaweka taa ya kupimia. Ikang'aa bila kusita. Akairudisha plagi, akawa anazitikisa nyaya kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye upepo, kama daktari aliyeshika mshipa wa mgonjwa. Feni haikubadili hata sauti. Akawasha taa zote, waipa, heta ya mbele, kila kinachokula umeme, apate kuona kama betri italemewa. Wapi. Akalizungusha gari mtaa mzima kwenye mashimo, akarudi, akapiga goti tena. Upepo wa moto.

"Moto upo," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani maneno hayo yakamkera.

Jirani yake wa gereji, mchomeleaji, alikuwa anamtazama tangu asubuhi kutoka kwenye kibanda chake. Ni mtu mwenye mwili wa kabati la nguo, na kwa sababu ya kazi yake na ya ulimi wake wanamwita Cheche.

"Moto!" aliita. "Leo unasali sana. Goti chini, goti juu. Gari limekufanyia nini?"

Moto Upo akamweleza. Cheche akasikiliza, ameinua miwani yake ya kazi juu ya paji la uso.

"Kinyozi hajinyoi," akasema.

"Hiyo naijua. Nisaidie nyingine."

"Haya. Mteja anasemaje?"

"Mteja gani? Gari ni langu."

"Gari lako, baridi ya nani? Wewe ukija kwangu na geti limevunjika unaniuliza maswali mpaka elektrodi inapoa. Geti lililia? Lililia upande gani? Sasa huyo mama umemuuliza maswali mangapi?"

Moto Upo alikuwa amemuuliza mama swali moja, kila safari lilelile, na lilikuwa swali lenye jibu ndani yake. Mteja yeyote mwingine angemwekea kigoda, akamhoji mpaka mwisho.

"Siwezi kumhoji mama mkwe, Cheche. Nitaanzia wapi? Miguuni?"

"Anzia popote," alisema Cheche. "Heshima si utumwa."

Mchana alirudi nyumbani, jambo lililomshtua mkewe. Mama alikuwa uani juu ya mkeka, anachambua mchele, khanga imemfunika mpaka miguuni. Moto Upo akamwamkia, akaitikiwa, akabaki amesimama anasugua mikono yenye grisi. Mwishowe akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia pembeni kidogo, macho kwenye mchele.

"Mama, aliyekuja hapa si mkwe wako," akasema. "Mkwe yuko kazini. Huyu ni fundi umeme. Nina gari la mteja linanisumbua, na aliyekuwa amekaa ndani ni wewe."

Mama aliokota kijiwe, akakitupa. Akaokota kingine. Mke wa Moto Upo alikuwa amesogea dirishani.

"Fundi?" mama akauliza.

"Fundi tu."

"Mkwe wangu hatasikia?"

"Hatasikia kwangu."

"Basi, fundi," alisema mama, na sauti yake ikachangamka kama ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, "hilo gari lako ni bovu! Baridi ile si ya kuwekea binadamu, ni ya kuwekea samaki! Mimi nimetoka huko na magoti yanagongana kama vikombe kwenye sinia. Nikimwambia mkwe wangu ataumia roho, mtoto wa watu, ana adabu yule mpaka zimezidi. Nikasema, haya, bora nibaki nyumbani niwe nimepona."

Kutoka dirishani kilisikika kicheko kilichobanwa kwa kiganja.

"Lilianza lini, mama?" Moto Upo aliuliza, na mwenyewe akaisikia sauti yake ikigeuka, ikawa ya kazini.

"Mwanzo lilikuwa zuri. Kabla ya kiti kipya."

"Na baada ya kiti?"

"Baridi."

"Njia nzima?"

Mama akafikiri. "Hapana. Kuna kitu nilikiona nikadhani ndivyo lilivyoundwa. Mkisimama pale juu kuongeza mafuta, mkashuka, mimi huinuka kidogo nijifunge khanga vizuri. Nikiinuka tu, upepo wa moto unakuja miguuni, tena mzuri. Nafurahi. Nikikaa, unakata. Nikiinuka, unakuja. Nikasema, hili gari nalo lina adabu zake. Halitaki kumpulizia mama mtu akiwa ameketi."

Moto Upo alisimama ghafla mpaka ndoo ikaanguka.

"Ahsante, mama. Nashukuru sana."

"Mwambie huyo mkwe wangu aje kula kabla chakula hakijapoa," mama alimwambia mgongo wake uliokuwa tayari umefika mlangoni.

Gerejini alimpita Cheche bila salamu, akawasha gari, akawasha heta ya nyuma, akapiga goti mahali pake pa siku zote. Upepo wa moto. "Cheche! Njoo ukae hapa."

"Wapi?"

"Hapo. Kwenye kiti."

"Kiti cha mama mkwe wako?" Cheche alirudi nyuma hatua nzima. "Cha mama mkwe wangu mwenyewe sijathubutu, nianze na wako?"

"Kaa, bwana, heshima si utumwa!"

Cheche akapanda, gari likainama upande, akakaa ukingoni kama mgeni wa posa. Feni ikaendelea kuvuma. "Egemea," alisema Moto Upo. "Pembeni, dirishani. Kaa kama mtu mwenye safari." Cheche akaegemea, na chini ya kiti feni ikashuka sauti, ikanung'unika, ikanyamaza. Cheche akainuka kwa hofu. Feni ikaamka.

"Nimevunja nini?"

"Hujavunja. Kaa tena."

Alikaa, ikakata. Aliinuka, ikaja. Wakafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, wanacheka kama watoto kwenye bembea, mpaka jasho likamtoka Cheche.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya bolti na spana. Umeme huingia kwenye feni kwa waya mmoja na sharti urudi kwa mwingine, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari; njia ya kurudi ikikatika, moto wote uliofika hauna kazi. Waya huo wa bodi ulifungwa na waliounda gari chini ya mguu wa mbele wa kiti, bolti moja ikishika vyote viwili. Moto Upo alikiondoa kiti, akainua zulia, akaona. Ile rangi nyeusi nzuri ilikuwa imeingia mpaka chini ya mguu, nene, laini, haipitishi umeme hata kidogo. Pete ya waya ilikuwa imekaa juu ya rangi, ikigusa chuma kwa ukingo mmoja tu mwembamba. Kiti kikiwa kitupu, ukingo ule ulitosha. Mtu akikaa na kuegemea, mguu uliinuka unywele mmoja, na unywele mmoja ulikuwa mwingi. Yeye aliyepima gari zima alikuwa amepima kiti kitupu.

Cheche alichungulia juu ya bega lake. "Kwa hiyo heshima ndiyo iliyokata umeme."

"Nipe msasa, acha maneno."

Alisugua mpaka chuma kikawa cheupe, mguu na sakafu. Akauhamisha waya kabisa, akautobolea mahali pake peke yake kwenye bodi, akakaza bolti mpya, akaipaka grisi isije ikashika kutu. Akarudisha zulia, akarudisha kiti. Cheche akakaa, akaegemea, akajirusha kwa makusudi. Feni haikushtuka. Kisha akashuka, akafuta viganja kwenye suruali, akamtazama mwenzake.

"Sasa wewe."

Moto Upo akatazama huku na huko. Akapanda, akageuka, akakaa kwenye kile kitambaa cha rangi ya zabibu, pembeni, dirishani. Upepo wa moto ukampanda miguuni, magotini. Alikaa pale muda mrefu, amefumba macho, mpaka Cheche akamuuliza kama anataka kuletewa chai.

Alhamisi mama alikataa, kisha akasema ataenda, lakini kwa ajili tu ya kumjaribia fundi gari la mteja wake. Alipanda amejifunga khanga mbili na sweta. Mwanawe akakaa mbele. Wakaondoka, nyumba zikapungua, barabara ikaanza kupanda.

Moto Upo hakuuliza kitu. Alikuwa amejiapiza kutouliza. Kona ya kwanza ikapita, ya pili, nyasi zikaanza kuwa nyeupe, na nyuma kukawa kimya. Aliujua sasa ukimya ule umewahi kuficha nini. Alitega sikio kwa feni lakini mlio wa injini uliifunika. Alimwangalia mkewe; mkewe aliangalia barabara. Akili ya fundi ikaanza kupekua: bolti imelegea, rilei imechoka, mota imeungua. Alitaka kusimamisha gari, apige goti.

"Mkwe wangu," sauti ikatoka nyuma.

"Naam, mama!"

"Hivi unanipeleka hospitali au unanipika?"

Mkewe aliangua kicheko mpaka akashika dashibodi.

"Punguza, baba," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu aliyeipata njia na hana mpango wa kuiacha. "Punguza hicho kidude, mtu na mifupa yake ataiva. Na hili dirisha halifunguki? Na hizi kona unazikata kama unafukuzwa. Haya, na shika na soksi zako."

Kifurushi cha sufu kikapita katikati ya viti, kikaangukia kwenye gia. Moto Upo alinyoosha kidole, akaishusha swichi ya nyuma ngazi moja, taratibu. Alikuwa anatabasamu kwa upana mpaka masikio yakamuuma.

"Vipi hapo, mama?"

"Hapo kidogo," alisema mama. "Punguza tena."